Chumba Kilichojaa

Mdogo wangu wa mwisho anaishi Ayalandi, katika hoteli ya zamani wanakowekwa watu wanaoomba hifadhi. Mimi ndiye niliyemlea. Wazazi walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikaanza kuuza maharage sokoni Bwera, wadogo zangu wanne wakasoma. Watatu sasa wako Kasese na familia zao. Chumba cha huyu wa mwisho nimekifunga kwa kufuli, na ufunguo natembea nao.

Mwanzoni aliisifu sana nchi ile. Alisema kuna mpaka unaokikata kisiwa chao, lakini ukiupita kwa basi huoni askari wala kamba, na viongozi wa Ulaya walibishana miaka mingi ili kizuizi kisirudishwe. Sisi tunaoishi kando ya mpaka wa Kongo tunajua kizuizi ni nini, kwa hiyo nilifurahi. Alisema pia kwamba bibi mmoja anayemuuzia mkate alimsimulia jinsi wazee wake walivyokimbia njaa kwa meli, wakapokelewa ng'ambo.

Juzi alipiga simu mchana, nikiwa nachambua maharage.

"Dada, wamesimama nje ya hoteli na mabango. Wameandika mji umejaa. Yule bibi wa mkate naye yumo."

"Umejaa kweli?"

"Umejaa nini! Nyumba ngapi hapa zimefungwa, hazina mtu." Kisha akaongeza: "Ungekuwepo ungewaambia. Wewe hupindishi maneno."

Niliendelea kuchambua maharage. Wiki mbili kabla, mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekuja mlangoni kwangu na mama mmoja aliyekimbia vita upande wa Beni, huko Kongo, pamoja na watoto wake watatu.

"Yaya," mama yule aliniambia, kama wanavyomwita dada mkubwa kwao, "tunaomba tu fasi ya kulala. Batoto beko na baridi."

"Nyumba imejaa," nilisema. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeshika ufunguo.

Mwenyekiti alicheka. "Imejaa nani? Si unaishi na panya?"

"Nimesema imejaa."

Majirani walinisifu baadaye kwamba nina msimamo, na sifa hizo nilizipokea.

Baada ya simu nilifunga magunia, nikaenda hadi uwanja wa kanisa, mama yule na watoto wake walipokuwa wakilala. Nilimkuta akisugua sufuria kwa majivu. Nikamwambia nafasi imepatikana.

Hakukasirika. Aliniangalia, akauliza taratibu, "Yaya, nani ametoka?"

Ningeweza kusema ukweli, kwamba hapakuwa na mtu.

"Ndugu yangu," nikasema. "Amesafiri."

"Pole, yaya."

Sasa kila jioni, kabla ya kulala kwenye kitanda cha ndugu yangu, watoto wale wanamuombea arudi salama. Sijawaambia kwamba aliondoka miaka minne iliyopita. Naye akipiga simu, simwambii nilichosema pale mlangoni.