Kijiko cha Chuma

Kazi yangu hapa Kindu ni kulaza wagonjwa usingizi wa operesheni, na hakuna kitu kinachonikasirisha kama kijiko. Juzi walituletea mama mmoja kutoka Kailo, kifafa kimemshika tangu asubuhi, degedege haliachi. Nilipomfungua kinywa ili nimpitishie mpira wa hewa, nilikuta jino limevunjika, limebaki kidogo liingie kooni. Nililitoa haraka. Bwana yake alikuwa bado ameshika kijiko cha chuma alichomtia kati ya meno. Eti asimeze ulimi! Nani amewahi kumeza ulimi wake?

Nilimfokea mbele ya watu wote. "Baba, akishikwa, umulaze ubavu, uache kinywa chake! Ulitaka kumuua?"

Akainamisha kichwa. "Dokta, njo vile muuguzi mumoja alitufundisha wakati wa vita, kule porini."

Nilikichukua kile kijiko mkononi mwake. Wakati wa vita treni haikufika, dawa za kifafa ziliisha, na muuguzi aliyekuwa akizunguka na wakimbizi katika pori la Kailo, akiwaonyesha jinsi ya kushika kijiko, alikuwa mmoja tu. Ni mimi.