Coeur Hauna Tena?

Ile siku naikumbuka vizuri, mutoto yangu, juu miguu yangu ilikataa kutulia chini ya meza. Tulikuwa mu salle ya paroisse, ile nyumba ya mikutano ya kanisa, hapa Bukavu, samedi kisha saa sita ya muchana, mvua inapiga mabati, na mimi nacheza bridge. Usicheke! Karata unasoma na macho, haiombake diplôme.

Mu ule muchezo munacheza babili babili, wewe na mwenzako munaangaliana uso kwa uso, bapinzani benu babili bako ku mbavu. Karata zinakaa mu tusanduku, zinazunguka meza na meza, bote banacheza zile zile. Basi huwezi kulia eti Mungu alikupa mbaya. Mwenye kuanza akiweka coeur, ile karata ya moyo, na wewe uko nayo, lazima uweke coeur; ukitupa ingine ni kosa. Na mwenzako huwezi kumusemesha. Mudomo kufunga! Njo vile tulizoea.

Mwenzangu alikuwa Maman Furaha. Binti yake alikuwa amezala kule Goma, na babili bale bangeshinda njo bangetumwa Goma kucheza na ba kule. Roho yake yote ilikuwa kwa ule mutoto hajamubeba bado. Hata chai hakugusa.

Mbele tuanze, Muzee Birindwa, arbitre yetu mwenye kuamua muchezo, akasimama. "Sheria imebadilika. Bakicheza coeur, mwenzako akitupa karata ingine, sasa unaweza kumuuliza kama coeur zimemuishia. Hata mukiwa munazuia mwenye kucheza." Papa Déo, muchezaji wa meza ya pembeni, anakoroga sukari mu chai, anapiga masolo na bibi yake, hasikie kitu.

Tukafika sanduku ya mwisho. Papa Déo na bibi yake njo bapinzani betu; yeye anacheza kutafuta pointi, siye tunamuzuia. Akaweka coeur. Maman Furaha akatupa trèfle, karata nyeusi. Eh! Mimi namujua: coeur na carreau zote nyekundu, yeye anazishikaka pamoja kama nyanya na pilipili. Nataka kuuliza, mudomo unakataa. Mguu unapiga sakafu. Papa Déo akaweka mukono ku karata ya kufuata. Tukiijibu ile tu, kosa imekomaa, tunalipa.

"Maman Furaha, coeur hauna tena?"

Salle yote ikageuka. Papa Déo akaruka: "Arbitre! Huyu mama amesema! Azabu!"

"Amesema vizuri," Muzee akajibu. "Wewe, Papa Déo, saa nilikuwa naeleza, sukari yako njo ilikuwa inasikiliza?"

Bibi ya Papa Déo, mwenye kucheza naye, alicheka mpaka akafuta machozi.

Maman Furaha akapekua. Coeur ilijificha nyuma ya carreau! Akaiweka. Ile trèfle ikabaki wazi ku meza, azabu yake, lakini ndogo. Tukashinda kidogo tu. Goma tulienda, na mutoto alimubeba mpaka banamunyanganya.

Lakini ile siku yenyewe, mbele tutoke mu salle, mimi sasa kujisifu! Muzee akanikata: "Unajua kwa nini balibadilisha ile sheria?" Nikasema hapana. "Zamani baliogopa kuuliza kutakuwa njia ya kupana siri. Sasa bameona afazali kosa ya macho itengenezwe mbele haijaharibu muchezo. Kama hujui kwa nini, kesho utauliza mahali hairuhusiwe."

Nikaanza kukusanya karata. Miguu njo ilitulia.

Basi wewe, mwenye kukimbia-kimbia na telefone: sheria ikibadilika, ikuwe ya karata, ya kazi ao ya nyumba, acha kukoroga chai. Sikiliza mpaka mwisho, kisha uliza kwa nini. Na ukiona mwenzako anatupa kitu bila kuangalia, muulize mbele karata ya kufuata ianguke. Mungu akupe mwenzako wa kuulizika, na mudomo wako aufungue saa yake. Sasa kuja, panga hizi karata.