Kidole Kilichopinda

Bibi Sabuni, kama mtaa mzima ulivyozoea kumwita, alikuwa na kidole cha mwisho kilichopinda kama ndoana. Mlango wa darasa ulikibana utotoni, nacho hakikunyooka tena. Alipoanza kuuza sabuni alizopika mwenyewe, aliweka kiganja juu ya boksi la kwanza, akakizungushia kalamu ya bluu. Hiyo ndiyo ikawa alama yake. Boksi lenyewe alilikunja bila gundi, na kifuniko chake kikipinduliwa kiligeuka kisahani cha sabuni.

Miaka kumi na mmoja ilipita hivyo. Kisha siku moja jirani yake akaja mbio, shingo imewiva.

“Bibi, mbona sabuni yako imetuunguza?”

Boksi lilikuwa lile lile, mkono ule ule. Sabuni ndiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya Povu, mpishi wa sabuni wa mtaa wa pili. Tena Povu alikwisha kuomba alama ile isajiliwe kwa jina lake. Angekubaliwa, Bibi angekatazwa kuuza kwa alama ya mkono wake mwenyewe.

Akapeleka pingamizi kwa Msajili wa alama za biashara. Siku ya shauri, Povu alisimama mbele ya Msajili, tai imemkaba.

“Mheshimiwa, huu ni mkono wangu mimi.”

Msajili, mama mpole mwenye miwani, akamsukumia karatasi yenye mchoro wa alama ile. “Basi uweke hapo, kaka.”

Povu akauweka. Vidole vitano, vyote vimenyooka kama mishumaa.

“Na hiki cha mwisho?”

“Siku ile kilikuwa… kimelala, Mheshimiwa.”

Hata karani alicheka. Bibi akaweka mkono wake. Kidole kikaingia mahali pake kama ufunguo kwenye kufuli.

“Alama ni yako, mama,” alisema Msajili. “Ila boksi huwezi tena kulipatia hataza, ile haki ya kulitengeneza peke yako. Ungeliombea kabla hujalionyesha watu.”

“Kulionyesha tu? Nimewafundisha kulikunja mtaa mzima! Hata huyu nilimfundisha.”

Povu akatazama viatu vyake.

Nje, kwenye ngazi, alimfuata taratibu. “Shikamoo, Bibi. Kwa hiyo… boksi naweza kuendelea kulikunja?”

“Marahaba. Likunje, ila pembe zako zimelegea, zinatia aibu. Na juu yake chora mkono wako mwenyewe, mwanangu. Mbona mzuri, umenyooka? Ukiunguza mtu, ajue pa kugonga hodi.”