Serikali Imezaa Watoto Wangapi?

Siku hizi nikiwasikia watu redioni wakibishana kama kuwafunda vijana mambo ya mwili ni kazi ya serikali au ya wazazi, nacheka peke yangu jikoni. Jamani, ubishi huo niliuona miaka ya hamsini, na aliyekuwa akigombewa ni mimi.

Nilikuwa nasoma shule ya serikali ya wasichana, ya bweni, kule Mbeya. Kwetu ni Iringa. Nilipovunja ungo, habari zilifika nyumbani upesi, sijui kwa mdomo wa nani. Kwetu msichana akivunja ungo anawekwa ndani na bibi yake anamfunda, mpaka watu wazima waridhike. Shule nayo ilikuwa na amri yake: anayeondoka kwenda kuwekwa ndani, nafasi yake anapewa mwingine. Nilishawaona wenzangu wakiondoka hivyo, na baadaye tukasikia wameolewa. Mimi shule nilikuwa naipenda mno, hesabu hasa.

Basi mchana mmoja nikamwona bibi yangu, mama yake baba, mlangoni mwa darasa. Alikuja na lori la mahindi mpaka Uyole, akamalizia kwa miguu, vumbi mpaka kwenye kope. Kichwani alikuwa na furushi, na kaniki mpya, ile anayofungwa mwali akiwekwa ndani, inachungulia. Nikajua nimekwisha.

"Kamwene," akamsalimu kwa lugha ya kwetu mwalimu wetu wa usafi na afya, binti wa Kinyakyusa aliyekuwa bado hajaolewa. "Nimemfuata mjukuu wangu."

Mwalimu akapiga goti kwa heshima, lakini hakulegea. "Shikamoo, Bibi. Mambo hayo anafundishwa hapa hapa. Serikali imeyaweka kwenye masomo."

Bibi akamtazama juu mpaka chini. "Serikali! Hiyo serikali imezaa watoto wangapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Lakini mwalimu naye alicheka, tena kwa moyo, akasema, "Karibu usikilize, Bibi. Ukiona hayafai, umchukue."

Bibi akakataa kiti, akakaa chini na kunyoosha miguu. Mwalimu akachora muhindi ubaoni, mbelewele juu, gunzi na nywele zake chini, akaeleza jinsi vumbi la mbelewele linavyoshuka mpaka punje zikapatikana. Kisha akaingia kwenye vitambaa vya hedhi: vifuliwe, vianikwe juani, visifichwe uvunguni vikiwa vibichi. Bibi akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Hilo la jua sikulijua. Sisi tulificha, na tuliwashwa weee! Hapo serikali imenishinda. Lakini mwanangu, mahindi tumeelewa. Watu je? Mvulana akimwambia huyu maneno matamu njiani, muhindi utamsaidia nini?"

Mwalimu akaiweka chaki mezani. Halafu akasema polepole kwamba mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, amekulia mabwenini, na harusi yake ni baada ya mavuno. "Mimi mwenyewe, Bibi, hakuna aliyenifunda."

"Mwanangu wee!" Bibi akasahau kabisa kwamba alikuja kugomba.

Jioni ile mimi na wenzangu tulikaa na Bibi nyuma ya jiko la shule, mwalimu katikati yetu, mpaka ugali ukapoa. Aliyotuambia sitayasema yote, ya ndani ni ya ndani. Moja nalitoa: mwili wako una mwenyewe, na mwenyewe ni wewe. Akatuigizia wavulana wanavyojipitisha kisimani, mikono mifukoni, na yeye wala hana mfuko! Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mwalimu alicheka hadi akafuta machozi kwa kanga ya mwenzangu.

Asubuhi Bibi akafungua furushi. Nikaanza kukunja blanketi langu huku nalia. Furaha ya jana yote iliniishia. Bibi akaikung'uta ile kaniki, akanipita, akaenda kumfunga mwalimu kiunoni.

"Nilileta moja tu," akasema, "na mwenye kuihitaji ni huyu."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, blanketi la nini? Baba yako nitamwambia umeshafundwa, tena mbele ya serikali. Kengele imelia, husikii?"

Nilikimbia bila kuaga. Kipindi cha kwanza kilikuwa hesabu.