Ikibiri ya Binti

Nimezaliwa Gitega, katika nyumba ya mafundi cherehani, nikaolewa Muyinga, na kote huko najulikana kwa jambo moja: sijui kunyamaza. Nikiwa bado msichana nilikuwa nikiwakusanya wazazi wa Bugendana tuzungumze masomo ya watoto. Tangazo lilitolewa kanisani na msikitini, watu wakashuka vilima kwa miguu, tukabishana mpaka jua likapoa. Nikajiona bingwa.

Mwakiro ndiko ubingwa wangu ulikokwama. Nilikwenda kushona sare, nikakutana na binti aliyenitia uchungu. Wazazi wake walikulia Tanzania, wakarudi huku nchini kwao kulima. Yeye alikuwa amesoma huko vizuri tu. Hapa, kwa kuwa masomo ni kwa Kifaransa na yeye hakukijua, aliwekwa darasa la pili na watoto wanaomfika kiunoni. Baba yake alishaamua: maharage yakishavunwa, anaacha shule. Mkuu wa shule alikuwa tayari kumjaribu darasa la sita, mradi wazazi wapate mtu wa kuwafundisha Kifaransa watoto waliorudi.

"Chumba iko," aliniambia. "Mwalimu ndiye hakuna."

Rahisi, nikasema. Nikamwomba mkuu wa kilima, kwetu ndiye mkuu wa kijiji, aitishe mkutano. Kumbe pale mkutano maana yake ni michango, na mwenye akili humtuma asiyeshika mfuko. Walikuja wake zao tu. Walinisikiliza kwa heshima, wakaitikia kila neno, mmoja akasinzia hadi akamlalia mwenzake begani. "Ni vizuri sana, mama," wakasema. "Tutawaambia." Nilirudi nyumbani nimekasirika.

Mume wangu akanicheka. "We unaita watu wenye kazi. Fuata kazi yao."

Siku ya kupiga maharage ya baba wa yule binti, majirani walikuja kumsaidia. Ikibiri, ndivyo tunavyoiita: leo kwako, kesho kwangu, na aliyesaidiwa hakatai akiitwa. Nikafunga kanga kiunoni, nikashika fimbo, nikapiga maganda pamoja nao. Wao walipopewa pombe ya ndizi, mimi nikaletewa chai. Hapo nikayasema yote upya.

"Mama, tunakuelewa," baba alijibu bila kuacha kupiga. "Lakini kukaa na watoto wadogo ni aibu. Heri ashike jembe."

Wanaume wakaguna kukubali. Nilikuwa nafungua mdomo niwapashe, mama wa binti akanitangulia. Sikuwahi kumsikia akisema mbele ya watu. Aliweka ungo chini.

"Majirani, mmekuja kunisaidia maharage, nawashukuru. Lakini maharage ningeyapiga hata peke yangu. Ninachoshindwa peke yangu ni huyu mtoto. Nikiomba ikibiri iwe ya kwake, mtanikatalia?"

Fimbo zote zikatulia. Jirani mmoja aliyemaliza sekondari akajikuna kichwa. "Bon, mi naweza kufundisha. Lakini shamba yangu, nani atalima?"

"Sisi!" nikapiga kelele, mimi nisiyejua hata jembe linashikwaje. Wakaangua kicheko, kisha mmoja akaitikia, na mwingine, na mwingine. Macho yakamgeukia baba. Amesimama kati ya maharage yaliyopigwa kwa mikono yao, angesema nini?

"Nitaanza kulima mimi," akasema.

Binti akaingia darasa la sita, nasi tukalima kwa zamu msimu mzima. Viganja vyangu vilitoka malengelenge na niliyaonyesha sokoni kwa kila aliyetaka na asiyetaka kuyaona. Binti alilia sana mwanzoni, kisha akazoea, kisha akaanza kutusahihisha Kifaransa chetu.

Siku ya matokeo majina husomwa hadharani, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na mtoto akianguka kilima kizima kinajua. Nilisimama uwanjani nikitafuna ncha ya ushungi. Wa kwanza si yeye. Wa pili si yeye. Niliacha kuhesabu. Jina lake lilipotoka, wengi walikuwa bado nyuma yake, na mmoja wao alikuwa mtoto wa mkuu wa kilima! Nilipiga vigelegele mpaka mkuu wa shule akangoja nimalize. Furaha ile sikuipata hata siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo.

"Mzazi wake aje mbele," mkuu wa shule akaita.

Baba akainuka. Akainuka mama, akainuka jirani wa Kifaransa, tukainuka wote tuliolima. Baba akageuka, akatutazama.

"Twendeni," akasema, akatangulia.