Moyo Ulionyamaza

Yule fundi wa pampu, Sikio kwa jina la utani, hakuiamini mashine isiyosema. Kabla ya kulegeza nati hata moja, aliweka ncha ya bisibisi juu ya pampu na mpini sikioni, akafumba macho. "Beringi imekwisha," alikuwa akisema. Ukifungua, ndivyo.

Moyo wake nao aliusikia. Miaka mingi, kila alipojilaza, ulimgongea kwenye mto wa kulalia, du, du, kama mpangaji wa chumba cha pili. Miguu ilipovimba na ngazi kumkata pumzi, daktari alimwambia moyo umetanuka kwa kubebeshwa shinikizo la damu. Akampa vidonge. Uvimbe ukashuka. Kisha mchana mmoja, akijinyoosha kitandani, akagundua mto umenyamaza.

Akabana pumzi. Kimya. Akaiweka bisibisi kifuani, mpini sikioni. Hola. Mkewe alikuwa akikunja nguo huku akimsimulia habari za jirani, na Sikio akajiuliza huyu mama anaongea na nani.

Hakumwambia mtu. Kila asubuhi alikificha kidonge chini ya ulimi, akaenda kukitema. Baada ya siku kadhaa mlio ukarudi, naye akatabasamu peke yake.

Lakini miguu ikajaa tena, viatu vikamkataa. Binti yake muuguzi akaja, akambonyeza kwenye kifundo. Shimo la kidole likabaki.

"Baba, umeacha dawa."

"Mwanangu, ile dawa iliuua moyo. Nilikuwa maiti inayotembea."

"Maiti gani anamaliza sufuria peke yake?" mkewe akadakia.

Binti hakucheka. "Mwilini mna kemikali, angiotensin. Inatua kwenye vipokezi vya mishipa na vya moyo, inaamuru: bana! Dawa inawahi kukaa pale, amri inakosa pa kutua. Pampu ikisukuma maji penye valvu iliyobanwa, inafanyaje?"

"Inagonga."

"Halafu?"

Sikio aliitazama miguu yake. "Inagonga mpaka inakufa."

Akameza kidonge, akapanua mdomo waone. Siku zilizofuata alilala chali akiusikia mlio ukififia, kama mtu anayehama bila kuaga, mpaka mchana mmoja ukakatika kabisa. Akampapasa mkewe aliyesinzia.

"Mama, nipo?"

"Upo. Na umenilalia mkono."

Akasogea. Alibaki macho wazi ndani ya kile kimya, akijizuia asikikague.