Mlio wa Gurudumu la Kushoto

Mwanatatu wa Mtongwe alijifunza kuendesha gari baada ya kufiwa na mumewe, mwaka wa 1986. Marehemu alimwachia watoto, mkubwa wao Kafedha, shamba la minazi na pikapu kuukuu ya buluu. Shemejiye, Ishaka, alitaka iuzwe.

"Minazi sawa," alisema. "Lakini gari na mwanamke?"

Mwanatatu hakuliuza. Alikwenda Changamwe akajifunza, akafuzu, na tangu hapo nazi zake akawa anazipeleka Kongowea mwenyewe.

Miaka miwili baadaye gari likaanza kutetemeka. Likishika kasi kwenye lami, usukani ulitikisika mikononi hata bangili zake zikalia. Likiingia shimoni, ilisikika "ko!" huko mbele, kama mtu anayebisha mlango. Fundi wa kwanza alibadilisha tairi za mbele. Mtetemo ukapungua kidogo tu. Wa pili akatia shokamzoba mpya za kuzuia mrusho. Mlio ukabaki pale pale.

"Liuze," Ishaka alisema. "Ndugu yangu hakukuachia gari likuue."

Neno hilo lilimchoma. Alikaa nyuma ya usukani, hajaliwasha, akikumbuka jinsi mumewe alivyokuwa akilisikiliza kwanza kabla ya kulipeleka kwa fundi. Kisha akashusha kioo.

"Shemeji, nisaidie jambo moja. Mimi nitakwenda polepole. Wewe tembea kando, unisikilizie linagonga wapi."

Ishaka aliguna, lakini alikunja kanzu yake akaandamana na gari, ameinama, kofia mkononi. Majirani walitoka kutazama. Walipopita penye mashimo, akapiga kelele, "Simama! Ni huku kushoto. Hebu rudi tena!"

Walirudia mpaka jasho likamtoka. Hakuna aliyemlazimisha.

Wakalipeleka kwa Gershom, Mtaita mwenye gereji ndogo Likoni. Aliwasikiliza wote wawili, kisha akalipiga jeki upande wa kushoto. Akalishika gurudumu juu na chini, akalisukuma na kulivuta. Likacheza.

"Mama Kafedha, kanyaga breki, uishikilie."

Akalisukuma tena. Likacheza vile vile.

"Ingekuwa beringi, ile inayozungusha gurudumu, breki ingekamata gurudumu likatulia," alisema Gershom. "Hii ni boljointi, kile kifundo kinachoshika gurudumu kwa chini."

Ishaka alilala juu ya katoni akachungulia uvunguni. Mpira wa kifundo ulikuwa umepasuka, na chuma chenyewe kimelika, kinatikisika kama jino linalotaka kung'oka.

"Kingeweza kuchomoka?"

"Wakati wowote, mzee. Gurudumu lingelala ubavu."

Ishaka alitoka chini ya gari taratibu, vumbi kanzuni. Alikuwa akiuwazia mteremko wa kushukia kwenye feri ya Likoni, na gari limejaa nazi.

"Wallahi, shemeji," alisema, "kwenye mazishi yako ningesema ni kwa sababu hukujua kuendesha."

Mwanatatu alimtazama, asijue acheke au alie. Mwishowe akacheka.

Gershom alibadilisha vifundo vya pande zote mbili, akayanyoosha magurudumu. Kwenye barabara ya Ukunda usukani ulitulia kabisa.

Mwezi uliofuata Ishaka alipiga hodi asubuhi, amevaa viatu vya kamba badala ya ndara. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, na maishani mwake hakuwahi kushika usukani.

"Shemeji," alisema, macho chini, "ile klachi hukanyagwa vipi?"